Kabla Fizikia haijaachwa: mwongozo kamili wa kuendesha programu ya kazi na uongozi kwa wanafunzi wa sekondari

Mwanafunzi anayeacha Fizikia anapoingia kidato cha tatu mara nyingi hajui ameacha nini. Kwake ni somo gumu moja limepungua kwenye ratiba. Miaka miwili baadaye anataka kusomea utabibu ngazi ya stashahada, anafungua mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya kati, anakuta wanataka ufaulu wa Kemia, Baiolojia na Fizikia kwenye cheti cha kidato cha nne. D ya Fizikia ingemtosha, lakini hana hata F ya kuonyesha, maana mtihani wenyewe hakuufanya. Hapo ushauri wa aina yoyote umeshachelewa.

Shule nyingi zina mwalimu wa ushauri na unasihi, ila ndiye huyo huyo mwenye vipindi vya kufundisha, zamu ya wiki na madaftari ya kusahihisha. Matokeo yake, habari za kazi humfikia mwanafunzi siku ya mahafali, pale mgeni rasmi anaposimama na kusema "someni kwa bidii, mtafika mbali". Mbali wapi, hasemi.

Mwongozo huu ni kwa mwalimu, kikundi cha wahitimu, wazazi au asasi ya vijana inayotaka kuanzisha programu ndogo ya mtaani: wanafunzi wazione kazi zilizopo, na wajifunze uongozi kwa kupewa jambo la kuongoza. Mfano wangu ni Tanga mjini. Aliyeko Kahama au Mbeya atabadilisha majina ya kazi na sehemu, hatua zitabaki zile zile. Na niseme mapema msimamo wangu: siku moja ya wazungumzaji wenye suti na maikrofoni si programu. Ukiwa na fedha za siku hiyo tu, zitumie kwenye nauli za ziara mbili.

Umbo lake

Chukua wanafunzi 24 wa kidato cha pili na cha tatu. Kwa nini 24? Kwa sababu wanagawanyika makundi sita ya watu wanne, na wanne ndio idadi ambayo karakana, duka la dawa au ofisi ndogo inaweza kuwapokea bila kazi kusimama. Kidato cha pili ni lazima wawemo, kwani mwisho wa mwaka huo ndipo wengi huamua masomo ya sayansi yabaki au yaachwe. Kidato cha nne waache na mtihani wao. Hao wasaidiwe kwa njia nyingine, hasa kujaza Selform, fomu ya kuchagua tahasusi na vyuo.

Anzeni Februari, shule ikishatulia, mmalize Septemba kabla joto la mitihani ya Novemba halijapanda. Jumamosi mbili kwa mwezi, saa 3 hadi saa 6 asubuhi, zinatosha. Ziara ziwe nne kwa mwaka. Ukiweka kumi utachoka wewe, watachoka wenyeji wenu, na hakutabaki muda wa kuzungumza juu ya kilichoonekana.

Hatua ya kwanza: ramani ya kazi za kwenu

Kabla ya kumwandikia mtu barua, kaeni na walimu wawili watatu na wahitimu mtaje kazi zote zilizopo umbali wa daladala moja au mbili kutoka shuleni. Kwa Tanga orodha inakuja haraka: bandari, kiwanda cha saruji Pongwe, kiwanda cha maziwa, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, Bodi ya Mkonge, mamlaka ya maji, TANESCO, soko la samaki la Deep Sea, mapango ya Amboni, na Chongoleani, linakoishia bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima nchini Uganda.

Ubaya wa orodha kama hii ni kwamba inataja majengo. Mwanafunzi akisikia "bandari" anaona meli, haoni watu. Kwa hiyo kikao cha kwanza na wanafunzi wenyewe kiwe cha kufuata kitu kimoja tangu kinapoanza mpaka kinapoondoka. Hapa kwetu chukua singa za mkonge. Weka kipande cha kamba mezani, waulize: kimepita mikononi mwa nani?

Wataanza na mkulima na mwenye duka. Wasukume. Kuna mtafiti wa miche kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, mkata majani, dereva wa trekta, mwendesha korona inayochakata majani, fundi wa hiyo korona ikikwama, waanikaji wa singa, wapiga brashi, mpanga madaraja, mtunza ghala, mhasibu wa AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima), ofisa ubora, dereva wa lori, wakala wa forodha, karani wa bandari, mwendesha kreni, na rubani wa bandari, yule anayepanda melini kumwongoza nahodha hadi gatini. Pembeni yao wapo mama lishe wa getini, fundi matairi na wakala wa fedha za simu. Andikeni wote kwenye karatasi kubwa, usibague.

Kila kazi iwekewe maswali matatu: anayeifanya alijifunzia wapi, alihitaji masomo gani kuanza, na je, miaka kumi iliyopita kazi hii ilikuwepo hivi hivi? Swali la tatu ndilo lenye utamu. Zamani meli kubwa zilizokuja Tanga zilitia nanga mbali na mzigo ukashushwa kwa matishari. Baada ya bandari kuchimbwa kina na gati kuboreshwa, meli hufunga gatini. Waulize wanafunzi: nani alipungukiwa na kazi siku hiyo, na nani aliongezewa? Katika swali hilo kuna somo zima la jinsi kazi zinavyokufa na kuzaliwa, na hukuhitaji kuleta mtaalamu kutoka Dar es Salaam. (Mkonge wenyewe ni mgeni hapa. Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893. Kati ya miche 1,000 iliyosafirishwa, iliyofika hai ilikuwa 62. Wanafunzi hupenda hesabu hiyo.)

Hatua ya pili: ruhusa, na ulinzi wa mtoto

Mlango wa kwanza ni mkuu wa shule. Nenda ana kwa ana, kisha acha barua. Barua ndefu haisomwi. Hii inatosha:

"Yah: Ombi la kuendesha programu ya kazi na uongozi kwa wanafunzi. Tafadhali husika na somo tajwa hapo juu. Sisi ni kikundi cha wahitimu wa shule hii. Tunaomba kuendesha programu kwa wanafunzi 24 wa kidato cha pili na cha tatu, Jumamosi mbili kwa mwezi kuanzia Februari hadi Septemba, ikiwa na ziara nne ndani ya wilaya. Programu haitagusa vipindi vya darasani wala kumchangisha mwanafunzi. Tunaomba mwalimu mmoja mlezi wa kike na mmoja wa kiume. Tumeambatisha ratiba, bajeti na majina ya waendeshaji pamoja na namba zao za vitambulisho. Natanguliza shukrani."

Sentensi ya michango usiiache. Shule za serikali zinatoa elimu bila ada, na michango ina utaratibu na vibali vyake. Mkuu wa shule hataki kuitwa kujieleza kwa ajili ya Sh 5,000 zenu. Mwombe pia aijulishe ofisi ya elimu sekondari ya halmashauri. Afisa elimu kata na mtendaji wa kata wapelekewe nakala. Hawa wawili ndio watakaokuokoa siku moja utakapohitaji ukumbi au kuulizwa "nyie ni nani".

Mzazi apewe fomu ya ridhaa kwa kila ziara, si moja ya mwaka mzima. Iandikwe mnakokwenda, saa ya kuondoka, saa ya kurudi, nani anawasindikiza, namba ya simu. Mama wa Sahare au Mwanzange anayemwachia binti yake Jumamosi nzima ana haki ya kujua yuko wapi saa 5.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto, na inakataza kumtumikisha kazi za hatari. Kwa maana hiyo wanafunzi wenu huenda kuona na kuuliza. Hawaendi kubeba mifuko ya saruji. Pangeni kanuni chache mzisome mbele ya kila mwenyeji: hakuna mwanafunzi kubaki peke yake na mtu mzima, hakuna kuomba wala kutoa namba za simu binafsi, hakuna kupigwa picha bila ridhaa. Wanafunzi waambiwe nani wa kumweleza jambo likiwakera, na wajue namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto. Mwenyeji akinuna akisomewa kanuni hizi, mshukuru, tafuta mwingine.

Hatua ya tatu: kuwapata wanafunzi

Usiwachukue kumi bora. Wala usichukue baraza zima la viranja, hao tayari wana nafasi zao. Tangaza mstarini, kila anayetaka aandike nusu ukurasa: ni kazi gani ameiona mtaani na hajaielewa inafanyikaje? Usisahihishe Kiswahili chake wala mwandiko, tafuta udadisi. Nusu wawe wasichana, nusu wavulana. Wenye ulemavu wasiachwe kwa kisingizio cha usafiri; panga usafiri uwafae wao na utawafaa wote.

Hatua ya nne: wape madaraka ya kweli

Kiranja wa kawaida huandika majina ya wapiga kelele, huhimiza usafi, hupiga kengele. Anatii na kutiisha. Ni kazi, lakini hajawahi kuamua jambo lenye gharama na kisha kulijibia. Programu yenu ndiyo nafasi ya kufanya hivyo, kwani programu yenyewe wataiendesha wao.

Kikao cha pili wachague kamati kwa kura ya siri: mwenyekiti, katibu, mhazini, mratibu wa ziara, msimamizi wa usalama, mtunza kumbukumbu. Muda wa uongozi uwe miezi minne, kisha uchaguzi mwingine, ili mwisho wa mwaka wawe wamepita viongozi 12 badala ya sita. Wafundishe akidi, ajenda, muhtasari na yatokanayo. Haya mambo ya vikao huonekana makavu, lakini mtu aliyezoea kuandika muhtasari akiwa na miaka 15 hatababaika kwenye mkutano wa VICOBA, wa AMCOS wala wa kijiji.

Sehemu ngumu ni fedha, na hapo ndipo waendeshaji wengi hurudi nyuma. Fedha taslimu zikae kwa mwalimu mlezi au kwenye akaunti mliyokubaliana na shule. Daftari likae kwa mhazini mwanafunzi. Hakuna shilingi inayotoka bila sahihi mbili, ya mhazini na ya mwalimu, na kila kikao kinaanza kwa hesabu kusomwa kwa sauti. Ziara moja inaweza kusomeka hivi: nauli 36,000, chai na chapati kwa watu 27 kwa Sh 2,000 kila mmoja, 54,000, maji 12,000, vocha na kuchapa barua 8,000, jumla 110,000. Namba ni za mfano, weka za kwenu. La maana ni wao kubishana juu yake. Tukodi Coaster au tupande daladala? Tukipanda daladala tunabakiwa na hela ya nini? Nani atatangulia kuwahi viti? Mwalimu akijibu swali hilo ameliua.

Nafahamu mkono unavyowasha kuingilia kati. Mwenyekiti wa miaka 15 anaendesha kikao kimeyumba, wawili wanabishana, ajenda ya tatu haijafikiwa na saa 6 imekaribia. Vumilia. Wakichelewa kupeleka barua kwa mwenyeji na ziara ikaahirishwa, acha iahirishwe, kisha kikao kijacho wajadili kwa nini. Usiruhusu kosa la aina mbili tu: linalohatarisha usalama wa mtoto, na linalohusu fedha kupotea. Hayo simamia mwenyewe siku hiyo hiyo.

Hatua ya tano: kujifunza kuuliza

Kabla ya kumpeleka mwanafunzi kiwandani, mpeleke kwa mtu mmoja. Kila kundi la wanne limtafute mtu anayefanya kazi karibu na shule, wamhoji nusu saa. Salamu kwanza: shikamoo, jina, shule, wametumwa na nani, na ombi la kuandika majibu kwenye daftari. Simu mfukoni. Mteja akiingia, wanasogea pembeni wanangoja.

Maswali ya kawaida huzaa majibu ya kawaida. Ukimuuliza fundi "unaipendaje kazi yako?" atakwambia anashukuru Mungu. Haya yanafungua zaidi: Jana tangu ulipofika ulifanya nini na nini? Nani alikufundisha, na ulimlipa nini? Mwezi upi hela huwa ndogo? Kitu gani kikiharibika unapigiwa simu usiku? Mtu anayeanza leo anaweza kupata kati ya shilingi ngapi na ngapi? Kifaa gani cha kazi ni ghali kuliko vyote? Ungekuwa na umri wetu ungejifunza nini mapema?

Chukua kundi lililokaa na fundi wa majokofu na viyoyozi. Anawaonyesha geji zake mbili, ya bluu na ya nyekundu, anaeleza jinsi anavyosoma mgandamizo wa gesi kujua kama kompresa ni nzima. Alisoma kozi fupi VETA, lakini mkono ulikomaa gereji kwa fundi mkubwa. Kuanzia Desemba mpaka Machi, jua la Tanga likiwaka, simu haitulii. Mwezi wa saba upepo wa kusi ukivuma anakaa kutwa nzima na kazi moja. Kwenye daftari la mwanafunzi yanabaki mambo ambayo hakuna mzungumzaji wa jukwaani angeyasema: kazi ina msimu, hivyo mtu lazima aweke akiba; geji ni mtaji; na ule mgandamizo wa darasani, uliochorwa ubaoni bila mtu kuuelewa, ndio unaomlisha huyu mzee.

Kikao kinachofuata kila kundi linasimulia dakika tano bila kusoma. Mwenyekiti ndiye anayesimamia muda.

Hatua ya sita: ziara

Ziara njema ni nusu siku, mahali pamoja, makundi madogo yaliyotawanyika kwenye vitengo tofauti, kisha yanakutana. Msururu wa watu 24 nyuma ya ofisa mmoja unaishia kwa wale watano wa mbele kusikia na waliobaki kupiga soga.

Barua iende kwa mwenyeji mwezi mmoja kabla. Bandari na viwanda vikubwa wapewe muda zaidi ya huo, wana taratibu za ulinzi, kofia ngumu na vizibao vya kung'aa. Katika barua mwombe jambo moja bayana: wanafunzi waonane na angalau watu watatu wa ngazi tofauti, na mmoja wao awe mwenye elimu ya kidato cha nne au pungufu. Usipoomba hivyo utapewa ofisa uhusiano na kipeperushi.

Soko la samaki la Deep Sea ni ziara ya bei ndogo kuliko zote na, kwa maoni yangu, ndiyo bora ya kuanzia. Muondoke alfajiri mkiwa na walezi wote, mkute vyombo vinaingia. Kundi la kwanza lifuate mnada: dalali anataja bei, wachuuzi wanapandisha, karani anaandika. Kundi la pili likae kwenye mizani na ushuru wa halmashauri. La tatu lizungumze na ofisa uvuvi na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia ufukwe, kuhusu nyavu zinazokatazwa na kwa nini. La nne lifuate barafu. Inatoka wapi, nani anaitengeneza, mashine ikizima samaki wanakuwaje, nani anaitwa? Barafu itawarudisha kwa yule fundi wa geji. La tano likae na wakaanga samaki, waulize mafuta, kuni na faida ya ndoo moja. La sita liwatafute mafundi wa mashua na injini. Saa 4 wote wakae kivulini wanywe chai, kila kundi liseme kitu kimoja ambacho hawakukitegemea.

Hospitali inataka adabu nyingine. Wanafunzi wasiingie wodini. Mgonjwa hajaja hospitali kuwa somo. Waombe maabara, famasia, masjala ya kumbukumbu za wagonjwa, jikoni, ufuaji, na karakana ya vifaa tiba. Mwanafunzi anayetaka "kuwa daktari" akimwona fundi anayetengeneza mashine ya oksijeni, atagundua hospitali ina milango mingi. Picha hakuna.

Ndani ya siku saba barua ya shukrani iwe imefika, imeandikwa kwa mkono na katibu, ikitaja jambo mahususi walilojifunza. Wenyeji huzibandika barua hizi ukutani. Mwaka unaofuata hutaomba sana.

Hatua ya saba: njia za masomo

Kikao hiki kisiwe cha kwanza, kwa sababu mtu asiyejua anakwenda wapi hana hamu ya kusoma ramani. Kiwekeni baada ya ziara ya pili. Leteni miongozo ya mwaka huo huo, si ya miaka mitatu nyuma, maana sifa za kujiunga hubadilika: wa NACTVET kwa vyuo vya kati, wa TCU kwa vyuo vikuu, na orodha ya kozi za VETA ya jirani.

Njia ni nyingi kuliko wanavyodhani. Mtu anaweza kuingia VETA akachukua fani ngazi ya kwanza hadi ya tatu. Anaweza kutoka kidato cha nne akaenda chuo cha kati moja kwa moja, akasoma astashahada hadi stashahada, na baadaye akaomba chuo kikuu kwa stashahada hiyo. Anaweza kwenda kidato cha tano. Kwa tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano, wengi bado wanazijua PCM, PCB, HGL na EGM za kaka zao, wakati mwaka 2024 zilitangazwa kuongezwa kutoka 16 hadi 65. Mtaala ulioanza kuingia mwaka huo huo nao umeleta mkondo wa amali sekondari. Mwalimu wa taaluma aje aeleze shule yenu inatoa nini na haitoi nini.

Zoezi la siku hiyo ni njia tatu. Kila mwanafunzi achague kazi moja aliyoiona, aandike namna ya kuifikia akipata daraja la kwanza, akipata la tatu, na akipata la nne. Kwa kazi nyingi njia ya tatu ipo, ni ndefu tu. Mwanafunzi mwenye njia tatu mkononi hapotei siku NECTA wanatangaza matokeo. Kidato cha pili waongeze mstari mmoja: masomo ambayo nikiyaacha sasa, mlango upi utafungwa?

Kisha nyaraka. Kila mmoja alete nakala ya cheti cha kuzaliwa. Wasio nacho waanze kukifuatilia RITA, wakala wa usajili wa vizazi, wakiwa bado na muda, kwani mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu wa HESLB huhitaji cheti kilichohakikiwa. Linganisheni majina herufi kwa herufi na yaliyoko shuleni. "Saidi" kwenye cheti na "Said" kwenye usajili wa mtihani ni usumbufu wa viapo na foleni baadaye. Kabla ya usajili wa mtihani kurekebisha ni rahisi zaidi. Kikao hiki ndicho wazazi watakachokushukuru kuliko ziara zote.

Hatua ya nane: mradi

Julai mpaka Agosti kamati ya pili iongoze mradi mmoja wenye tarehe ya mwisho. Naupendekeza huu: siku ya kazi kwa shule nzima, ambapo wale 24 ndio waandaaji. Waliohojiwa na waliotembelewa waalikwe, kila mmoja akae kwenye dawati chini ya mwembe na vifaa vyake, wanafunzi wapite kwa zamu kuuliza. Hakuna jukwaa. Geji, nyavu, hadubini ya maabara, mwiko na timazi vizungumze. Fundi wa kike wa umeme awekwe mahali pa wazi, na mkaanga samaki apewe kiti sawa na cha ofisa wa benki.

Kamati ijigawie: mialiko, ulinzi wa getini, maji na chakula, viti, ratiba ya madarasa, mpango wa mvua ikinyesha. Wao ndio waende kwa mtendaji wa kata kuomba mahema, na kwa wafanyabiashara wa jirani kuomba maji, wakiwa na barua yenye mhuri na mlezi mmoja anayekaa kimya. Wakikataliwa mahali, warudi waeleze walivyojieleza na nini wangebadilisha.

Hatua ya tisa: kupima na kukabidhi

Usiwaulize kama wamefurahi, watasema ndiyo. Mwezi Septemba warudishie ile nusu ukurasa waliyoandika Februari, waandike nyingine, ulinganishe. Angalia pia mambo yanayohesabika: wangapi wa kidato cha pili wameamua kubaki na Fizikia na Kemia wakijua sababu, wangapi wana cheti cha kuzaliwa mkononi, wangapi wameongoza kikao. Waulize wenyeji kama wangewapokea tena. Mmoja akisema hapana, jibu lake lina faida kuliko pongezi za wengine wote.

Vyeti vya ushiriki mnaweza kutoa, havina gharama. Kilicho bora ni barua ya mwalimu mlezi inayosema mwanafunzi huyu alikuwa mhazini miezi minne na hesabu zake zilifungwa bila deni.

Makabidhiano yafanyike kabla ya likizo ya Desemba. Kamati inayoondoka iandae faili moja: ramani ya kazi, nakala za barua zote, daftari la fedha lililofungwa, orodha ya wenyeji ikiwa na siku nzuri ya kuwatembelea na wale wasiofaa kurudiwa, kanuni za usalama, mihtasari. Kidato cha pili wa mwaka huu ndio watakaokuwa kidato cha tatu Januari, basi faili likabidhiwe kwao mbele ya mkuu wa shule, kwa sahihi, na nakala ibaki ofisini. Barua ya kwanza ya kuomba ziara ya mwaka ujao iandikwe siku hiyo hiyo, kabla watu hawajatawanyika, tarehe ikiachwa wazi.